Marehemu Anakunywa Oili

Kuna wageni wanaokuja na matunda, na kuna wageni wanaokuja na futi. Mama mkwe wa Spana Kumi alikuja na futi.

"Baba, hebu inua miguu," alisema, na kabla mkwewe hajameza chai iliyokuwa mdomoni, ile futi ya kitambaa ilikuwa imeshapita chini ya kochi, ikapanda ukutani, ikakata kona kwenye dirisha na kurudi. Akapima mara ya pili. Akapima mara ya tatu, midomo ikihesabu bila sauti. Kisha akapangusa magoti na kutoa hukumu:

"Kitanda changu kitaingia. Kochi ndilo litakalotafuta pa kwenda."

Mkewe Spana Kumi alipiga makofi kwa furaha. Spana Kumi naye alipiga, ila ya kwake yalichelewa kidogo, kama taa ya gari bovu.

Jina hilo alipewa gereji kwa sababu ya wembamba wake. Wenzake walisema kila wakimtafuta huwa ameshadumbukia mahali ndani ya injini, na kupotea hivyo ndiyo tabia ya spana namba kumi. Mama mkwe wake alikuwa mshona mapazia, na watu walimwita Mama Futi, maana futi haikutoka shingoni mwake ila siku ya kuoga. Spana Kumi alimpenda mama huyu kwa moyo wake wote, hasa akiwa umbali wa kilomita sita. Ziara za saa mbili alizimudu. Lakini sebule yake moja, chumba chake kimoja, na mama aliyeweza kuona kwa macho tu kwamba picha ukutani imeinama nusu kidole? Hapo maji yangezidi unga.

Na chanzo cha yote kilikuwa gari. Lilikuwa la baba mkwe, na alipofariki watu walilitaja kama "gari la marehemu". Kwa kuwa dunia haina subira, likabaki "Marehemu" tu. Ndiyo maana mtaani kwa Mama Futi hakuna aliyeshtuka kusikia Marehemu amekataa kuwaka, au Marehemu ameonekana sokoni amebeba fimbo za mapazia. Sasa Marehemu alikuwa anakunywa oili. Mafundi wawili walishasema injini ifunguliwe yote, na kuifungua kungemgharimu Mama Futi zaidi kuliko kununua nyingine. Bila gari hakuna ngazi, hakuna fimbo, hakuna mashine ya kushonea, na kwa hiyo hakuna kazi. Alikuwa amekwisha kumwarifu mwenye nyumba wake: mwisho wa mwezi, yaani Jumamosi ile inayokuja, anarudisha funguo na kuhamia kwa binti yake.

"Mama," alisema Spana Kumi, sauti ikitoka kwa mbali, "kabla hujahama, niletee Marehemu gereji. Nipe siku mbili tu."

"Mafundi wawili wameshamwona."

"Lakini wale si wakwe zako."

"Ndiyo maana niliwaamini," alisema Mama Futi, akaiviringisha futi yake.

* * *

Alhamisi asubuhi Marehemu aliingia gereji kwa heshima zake zote, akitoa moshi wa buluu uliowafanya mafundi wavue kofia. Mama Futi akashuka, akachagua kreti, akaligeuza, akaweka gazeti juu yake na kukaa. Hakuwa na mpango wa kuondoka.

"Shikamoo mama," aliita Msasa, mpaka rangi wa ile gereji, jitu la miraba minne lenye nyusi zilizokwisha geuka kijivu kwa vumbi la kukwangua bodi. "Umetuletea Marehemu? Pole kwa msiba."

"Marahaba. Msiba ni huo uso wako. Mkwe wangu, anza kazi."

Spana Kumi alianza kama daktari, kwa maswali. "Anakunywa kiasi gani, mama?"

"Lita moja kwa wiki. Wiki nyingine na zaidi."

"Unapimaje?"

Hapo Mama Futi alijinyoosha. Ungedhani ameulizwa habari za mwanawe aliyefaulu mtihani. "Kila asubuhi kabla sijawasha. Gari liko kwenye saruji, mahali palipo sawa, nilipapima mwenyewe. Nachomoa kijiti cha oili, nakifuta kwa kitambaa cheupe, nakirudisha, nachomoa tena. Kama oili haijagusa mstari wa juu, naongeza kwa kikombe kidogo mpaka iguse. Isipungue, isizidi."

"Kila asubuhi?"

"Wewe unanawa uso kila baada ya siku ngapi?"

Msasa aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi njiani.

Spana Kumi aliinama. Oili, alijua, haina uchawi. Ama inavujia nje, ama inaingia kwenye maji ya kupoza injini, ama inaungua na kutoka na moshi.

"Au inaibiwa," Msasa aliongeza. "Muulize jirani yake kama mlango wake unapiga kelele. Kama haupigi, basi oili iko kwenye bawaba."

Spana Kumi alifungua kifuniko cha rejeta. Maji safi, hayana mafuta juu. Akaosha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, akaikausha, akatandika kadibodi safi chini ya gari, na kumpeleka mama kwake kwa pikipiki ya Msasa. Njia nzima Mama Futi alimkumbusha kwamba mguu wa kushoto wa suruali yake ni mfupi kuliko wa kulia.

Ijumaa asubuhi kadibodi ilikuwa na matone tisa. Mama Futi aliyahesabu mwenyewe. Yalitoka nyuma, kwenye sili, ule mpira wa kuzuia oili, na pia kidogo kwenye gasketi ya juu.

"Matone tisa si lita moja," alisema.

"Si lita moja," Spana Kumi alikubali. "Basi inaungua." Moyo ukamzama, maana oili inayoungua kwenye injini kuukuu mara nyingi ni ringi za pistoni zilizochoka, na ringi zilizochoka maana yake ni kuifungua injini yote, na kuifungua injini maana yake ni kitanda sebuleni.

Akachomoa plagi zote nne. Zilikuwa nyeusi na zimelowa. Mama Futi alizitazama kama mtu anayeangalia meno ya ng'ombe anayeuzwa.

"Ni ringi?"

"Hatujui bado, mama."

"Mafundi wawili walipoziona walisema ni ringi."

Spana Kumi alichukua geji ya kupimia nguvu ya mgandamizo, akaibana kwenye tundu la plagi ya kwanza, akamwomba mama apige stata. Mshale ukapanda. Akahamia ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudia zote. Akaigonga geji kwa kucha, akaenda kuijaribu kwenye gari la mtu mwingine, akarudi.

"Vipi?" Msasa aliuliza.

"Ana mapafu ya kijana."

"Nani?"

"Marehemu. Ringi ni nzima. Zote nne. Nzima kabisa!"

Hapo ndipo kazi ikawa ngumu. Mgonjwa anayekohoa na mapafu yake ni mazima ni mgonjwa wa kutisha. Spana Kumi alizunguka gari mara mbili, akakuna kichwa kwa bisibisi, kisha akafungua chujio la hewa, mahali ambapo wale mafundi wawili hawakuwa na habari napo. Lilikuwa limelowa oili chapachapa, kama sponji iliyofutia sufuria. Akalifuata bomba la kupumulia injini, lile linalotoa pumzi ya ndani na kuirudisha kwenye hewa inayoingia. Nalo lilikuwa linatiririka.

"Injini inatapika," alisema polepole. "Inatapika oili kwa juu, halafu inavuta matapishi yake na kuyachoma. Ndio moshi. Ndio plagi."

"Kwa nini itapike?" aliuliza Mama Futi kutoka kwenye kreti. "Inaumwa tumbo?"

Swali lilikuwa la dhihaka, lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Spana Kumi alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akapima. Oili ilikuwa chini ya mstari wa juu, upana wa kidole kimoja. Injini yenye njaa haitapiki. Akaona heri aimwage oili yote aitazame, pengine ina petroli ndani yake, pengine ina maji ambayo hakuyaona.

Akaweka beseni la lita tano, ambalo lilimtosha kwa kila gari la namna ile, maana injini hii hunywa lita nne na robo, hakuna zaidi. Akajilaza chali, akajisukuma chini, akafungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Oili ikashuka. Nyeusi, nene, imejaa mapovu. Akailamba kidogo kwa ncha ya ulimi, kama wafanyavyo mafundi wa zamani na watu wasiosikia la mkuu: hapana petroli. Beseni likafika nusu. Likafika robo tatu. Spana Kumi akafumba macho kidogo akingoja mkondo upungue ugeuke matone, kama kawaida. Haukupungua. Alipofumbua, beseni lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na Marehemu bado alikuwa na mengi ya kusema.

"Beseni!" alipiga kelele. "Msasa! Lete beseni! Lete chochote!"

"Si ulisema gari halina oili?"

"Lete beseniii!"

Alijaribu kuziba tundu kwa kidole gumba. Oili ikapita pembeni, ikafuata mkono, ikaingia kwapani, ikatafuta njia yake kuelekea shingoni. Msasa alikuja mbio na kopo la rangi, akakuta mtu wa kumwekea kopo ameshakuwa kopo mwenyewe.

Spana Kumi alipotoka chini ya gari, meno na macho ndivyo vilivyobaki vyeupe. Mama Futi hakucheka. Alikuwa ameinuka kwenye kreti, ameshika chupa tupu ya lita moja, anapima oili kutoka kwenye beseni na kopo, chupa baada ya chupa, bila kumwaga hata tone. Alipomaliza alisimama, akairekebisha futi shingoni.

"Sita na nusu," alisema. "Pamoja na ile uliyovaa, sema saba kasorobo. Kijiti kimesema haijafika mstari. Mkwe wangu, hebu niambie. Marehemu anakunywa au anazaa?"

Spana Kumi alikitazama kijiti mkononi mwake. Kilikuwa na kishikio cha njano. Njano nzuri, inayong'aa, ya gari la abiria.

Mafuta yakamganda mgongoni.

* * *

"Njoo unawe," Msasa alisema haraka, akamvuta nyuma ya pipa la maji. Huko akamsukumia sabuni ya unga na kumnong'oneza, "Umekumbuka?"

"Nimekumbuka."

Mwaka uliopita, Spana Kumi alipokuwa akimbadilishia Marehemu oili, alikiweka kijiti chini, jeki ya magurudumu ikakipanda na kukivunja kama ufagio wa mtu mwenye hasira. Mama Futi alikuwa njiani kuja kuchukua gari lake. Spana Kumi akakimbilia kwenye lundo la vyuma chakavu, akapata kijiti cha injini nyingine kilichofanana na kile kama mtu na pacha wake, kikaingia, kikakaa. Tatizo moja tu, kishikio kilikuwa chekundu. Msasa akakimalizia kwa njano ya gari la abiria alilokuwa akilipaka. Mama akaja, akasifu gari lilivyooshwa, akaenda zake. Nao wakasahau, kama watu wanavyosahau dhambi ambayo haikuleta kelele.

"Ni kifupi," Spana Kumi alinong'ona. "Hakifiki chini. Injini ikiwa na oili ya kutosha, chenyewe kinasema ina njaa. Na yeye anaongeza. Kila asubuhi! Mpaka mstari! Imezidi, inachapwa na krenki inavyozunguka, inageuka povu, inasukumwa nje kwa juu. Ikishuka, anaongeza tena."

"Angekuwa mzembe kama wateja wengine, gari lingekuwa zima."

"Angekuwa mzembe, ningekuwa nimepona."

Msasa alichungulia juu ya pipa, akarudi. "Sikiliza. Mwambie ringi zilikuwa zimeng'ang'ania, umeziachia kwa dawa. Mwekee oili yake lita nne na robo. Jumatatu tunatafuta kijiti kirefu, nakipaka njano. Nani atajua? Kochi lako liko salama, heshima yako iko salama, na mimi sitajwi."

Lilikuwa wazo zuri. Spana Kumi alilipenda kwa muda wa kunawa sikio moja. Kisha akakumbuka kesho asubuhi. Kabla hajawasha, mama yule angechomoa kijiti kile kile, akifute kwa kitambaa cheupe, na kujaza mpaka mstari. Isipungue, isizidi.

Alipotokeza, Mama Futi alikuwa ameweka mkono juu ya boneti, anazungumza, na hakuwa akizungumza naye.

"Mwaka mzima nimemsema vibaya," aliendelea alipomwona mkwewe, bila kugeuka. "Kila nikiinua hili boneti nasema, wewe mume wangu, ulitafuta magari yote duniani, ukaniachia bovu. Mtu amelala zake, mimi namsengenya kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Sasa wewe unaniambia mapafu yake ni mazima. Basi ubovu uko wapi?"

Spana Kumi alipiga moyo konde. Konde lenyewe halikuwa na nguvu, lakini lilitosha.

"Kwangu, mama."

"Uko wapi?"

"Ubovu uko kwangu. Hiki kijiti si cha Marehemu. Cha kwake nilikivunja mwaka jana. Nikaweka hiki cha injini nyingine, nikakuficha. Ni kifupi. Kimekuwa kinakudanganya, na wewe ukawa unamjaza mpaka anatapika. Marehemu hajawahi kunywa oili. Umekuwa ukimlisha kwa nguvu."

Mtu aliyekuwa akigonga bodi upande wa pili alishusha nyundo ili asikie vizuri.

"Na rangi hii?" Mama Futi aliuliza, akionyesha kishikio.

Msasa alianza kutoweka nyuma ya mlango wa gari la watu. Mlango ulikuwa mdogo kuliko Msasa.

"Wewe! Mpaka rangi!"

"Mama, mimi nilipaka tu," alisema Msasa. "Na kwa kweli imeshika vizuri, mwaka mzima haijabanduka."

Mama Futi alimgeuzia mgongo. "Jaza," alimwambia mkwewe. "Lita nne na robo. Mbele ya macho yangu."

Akajaza oili mpya. Wakawasha kidogo, wakazima, wakangoja oili ishuke yote chini, na ngoja hiyo ilikuwa ndefu kuliko foleni ya hospitali. Kisha Mama Futi mwenyewe akachomoa kijiti. Oili iliishia nchani kabisa, chini hata ya mstari wa chini. Akavua futi shingoni, akailaza juu ya chuma, kutoka pale oili ilipogusa hadi mstari wa juu.

"Inchi moja na nusu," alisema. "Mimi nikikosea inchi moja na nusu kwenye pazia la bafu, mteja anajulikana na mtaa mzima."

"Nisamehe, mama."

"Chukua tupa. Chonga alama hapa, ilipoishia."

Akachonga. Akaambiwa achonge vizuri, akachonga vizuri. Mama Futi akaikagua alama kwa kucha, akakirudisha kijiti, akapima mara mbili. Ndipo akaketi tena kwenye kreti, taratibu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo na bado anauhisi mabegani.

"Unajua kwa nini niliipima sebule yako mara tatu?" aliuliza.

"Kwa sababu wewe ni makini, mama."

"Acha kunipaka mafuta, umeshajipaka ya kutosha. Mara ya kwanza kitanda kiliingia. Nikarudia, huenda nimekosea. Kikaingia. Mara ya tatu nikaivuta futi kidogo ili kisiingie, mimi, kwa mkono wangu, miaka thelathini na mbili sijawahi kufanya jambo hilo. Kikaingia tu." Akatikisa kichwa. "Nilale sebuleni, wewe unakoroma chumbani na mlango wenu haufungi vizuri? Nilikuwa nimekwisha kata tamaa, baba."

Spana Kumi hakujua acheke au aombe radhi kwa kukoroma. Alifanya vyote viwili, na sauti iliyotoka haikuwa ya binadamu. Mama Futi akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha kwa tumbo, hadi gazeti lililokuwa juu ya kreti likachanika. Alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya kanga, akaligeukia lile boneti na kulipapasa.

"Haya, baba watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Samahani."

Kisha akasimama, na uso wake ukarudi kazini.

"Lakini usidhani yameisha. Mwenye nyumba nimemwambia nahama kwa sababu gari langu limekufa. Mimi si mtu wa kusema leo hivi kesho vile. Utakwenda umweleze wewe, kwa mdomo wako."

* * *

Wakaenda jioni ile ile, Spana Kumi bado ananuka gereji. Marehemu alitoa moshi kidogo, mabaki ya alivyolishwa, na kwa kila kilomita ukapungua. Mwenye nyumba alikuwa mzee mfupi mwenye baraza refu, na barazani walikuwepo wapangaji sita, wote wakiwa na jambo la kufanya hadi walipomwona fundi mweusi kuliko tairi akisukumwa mbele na mshona mapazia.

"Mzee," alianza Spana Kumi, "mama hahami. Gari halikuwa bovu. Kulikuwa na kosa dogo la kipimo."

"La nani?" aliuliza Mama Futi nyuma yake.

"Kosa langu. Mimi ndiye fundi. Nilivunja kijiti, nikaweka kisicho chake, nikanyamaza."

Mzee alimtazama kutoka juu hadi chini. "Na wewe ni nani wake?"

"Mkwe wake."

"Ahaa." Mzee aliegemea kiti. Siku hizi alikuwa na burudani chache. "Na ulitaka aje kuishi kwako, au abaki hapa?"

Wapangaji wote sita waliacha kujifanya hawasikilizi. Spana Kumi aligeuka akamtazama mama mkwe wake. Mama Futi alikuwa ameikunja mikono, anaangalia mawingu, hana habari kabisa.

"Nilitaka abaki hapa," alisema. "Ndiyo maana nilitafuta ubovu kwa bidii, mpaka nikajikuta."

Mzee alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Funguo zako kaa nazo, mama," alisema. "Mtu anayekupenda hivi usimsogelee sana, atachoka."

Mama Futi alishukuru, akamrudisha mkwewe hadi kwenye gari na kumfungulia mlango.

"Umesema vizuri," alisema akiwasha. Injini iliitika mara moja, kwa sauti tulivu, ya mtu aliyeshiba bila kuvimbiwa. "Sasa twende kwako."

"Kwangu? Kufanya nini, mama?"

"Binti yangu ameshalitoa kochi tangu asubuhi, amempa jirani. Amefagia, amepiga deki, ananingoja kesho kwa furaha." Akaangalia kioo, akaingiza gia. "Mimi nitakaa garini. Wewe utaingia umwambie."